Shukrani Ziende kwa Nani?

Mtu akishikwa na homa hapa kwetu Mpanda, ni mara chache anywe dawa moja tu. Asubuhi hupewa maji machungu ya mwarobaini, mchana kikombe cha tangawizi na asali, na jioni vidonge vinne vya dawa mseto kutoka zahanati. Siku ya tatu akiamka na njaa, nyumba nzima hufurahi, lakini kila mmoja ana wake wa kumshukuru. Bibi husema ni mwarobaini. Kijana aliyetumwa zahanati husema ni vidonge. Je, shukrani hizo ziende kwa nani?

Wengi watanijibu kuwa swali hilo halina maana, kwani kupona ni kupona. Sikubaliani nao. Shukrani ya mgonjwa ni ushahidi, na jirani akiusikia huufuata. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Simlaumu mzee huyo, aliyefariki mwaka 2021. Hata bei yake haikuwa ya mlanguzi. Nafikiria wale waliokwenda huku wakiwa wametumia dawa za hospitali kwa miaka mingi, kisha wakakisifu kikombe peke yake. Wako waliosadiki sifa hizo wakaacha dawa za kisukari na za UKIMWI.

Sasa, msomaji wangu, chukua maji ya fedha: maji yenye chembe ndogo mno za madini ya fedha, ambayo wauzaji wake katika nchi nyingi huyasifu kuwa hutibu karibu kila ugonjwa. Madini hayo si mageni kwetu. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi, na ndani ya mawe yale fedha pia ilikuwamo. Ni kweli kwamba fedha huua vijidudu, na hospitali huitumia katika dawa ya kupaka vidonda vya moto. Ila kuinywa ni jambo jingine. Haijathibitika kutibu ugonjwa wowote kwa njia hiyo. Hujikusanya mwilini, na kwa anayeinywa muda mrefu ngozi yaweza kugeuka rangi ya kijivu na buluu isiyofutika. Tena huzuia baadhi ya dawa, kama vile tetrasaiklini, zisifyonzwe vizuri. Yaani mgonjwa aliyeongeza dawa amepunguza dawa, na asipopona atailaumu tetrasaiklini.

Basi kuchanganya ni kosa? Hapana. Dawa mseto yenyewe ni mchanganyiko: moja hushambulia vimelea vya malaria kwa haraka, nyingine hubaki mwilini kumalizia waliosalia. Na ile ya kwanza asili yake ni mmea uliotumiwa na waganga wa China, jambo lililompa Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba pale kila kitu kilipimwa peke yake, kisha vikapimwa pamoja. Katika sufuria ya nyumbani hakuna anayejua kipi kimefanya nini.

Kinachonisumbua zaidi ni ukimya. Mgonjwa huulizwa na daktari, "Umetumia dawa gani?" naye hujibu, "Sijatumia kitu." Anamheshimu bibi yake, hataki adharauliwe, pengine aligombezwa siku za nyuma kwa kutaja mizizi. Mimi nauita huo uongo, lakini nusu ya lawama naiweka upande wa pili wa meza. Anayefoka kila asikiapo neno majani amejinyima habari ambayo hakuna kipimo cha maabara yake kitakachompa. Na mtoto mchanga aliyenyweshwa vyote vitatu hawezi hata kudanganya. Ningependa bibi naye aitwe ndani, apewe kiti, aulizwe kwa adabu alichemsha nini na kiasi gani, na jibu lake liandikwe katika daftari la mgonjwa pamoja na vile vidonge.