Je, Ujuzi wa Mkono ni Mali ya Mtu Mmoja?



Kuna swali linaloulizwa na akina mama wanaodarizi, nasi tunaona linafaa kufikiriwa na kanisa zima. Mtu anayejipatia unga na sabuni kwa kuuza vitambaa vya meza, je, anapaswa kumfundisha jirani yake kazi hiyohiyo?

Tuchukue mshono wa petali za ua. Sindano hutokea chini ya kitambaa, katikati ya ua. Uzi hukunjwa kuwa kitanzi na kushikiliwa kwa kidole gumba. Sindano hurudi palepale ilipotokea, ikaibukia ndani ya kitanzi, penye ncha ya petali. Ukivuta mno, petali husinyaa. Ukilegeza mno, hulala ovyo. Kisha hupigwa mshono mdogo juu ya ncha ili kitanzi kisifumuke. Petali tano, na ua limekamilika. Mtu hujifunza kwa mchana mmoja, na hapo ndipo hofu inapoingia: wadarizi wataongezeka, lakini wanunuzi ni walewale.

Tusiidharau hofu hiyo. Sisi wenye asili ya Rumonge tunajua maana ya kupoteza. Mwaka 1972 watu wengi wa mwambao ule wa Ziwa Tanganyika walikimbilia Tanzania, wakaacha mashamba yao ya michikichi. Wengi waliorejea miaka ya baadaye waliyakuta yanalimwa na wengine. Shamba likishikwa na mwingine, wewe huna. Ujuzi si hivyo. Ulivuka ziwa vidoleni mwa wenyewe, na ukimpa jirani bado unabaki nao. Kinachoweza kupungua ni soko.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, kinasema Bezaleli na Oholiabu walijaliwa ustadi wa kazi nyingi, kutia taraza kukiwamo, na pia moyo wa kufundisha. Walikuwa jangwani, watu wa mahemani kama wengi wetu tulivyowahi kuwa. Hata hivyo Mungu hakuwapa ustadi peke yake.

Kwa hiyo tunasema: afundishe. Lakini tusimwambie kwamba hapotezi kitu, maana anaweza kupoteza mteja. Basi anayefundishwa naye ana deni. Asiuze kwa bei ya kumwangusha mwalimu wake, wala asimfuate mteja wake mlangoni. Abuni ua lake, na uzi waununue pamoja. Kanisa nalo, likihitaji kitambaa cha madhabahu, lianze kwa yule aliyewafundisha wengine.

Kuhimiza ukarimu bila utaratibu huo ni kuacha kitanzi bila ule mshono mdogo wa mwisho.

Mungu abariki kazi za mikono yenu. Amina.