Nuru ya Leo na Majivu ya Kesho

Je, ni halali kuota moto leo na kuwaachia majivu yake watoto wasiozaliwa bado? Yatupasa sisi wa Buigiri kulifikiri neno hili, kwa maana magharibi yetu, katika nchi ya Bahi na Manyoni, watafiti wameona urani chini ya ardhi. Na huko Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mtambo wa kujaribia kuisafisha ulizinduliwa mwaka 2025.

Urani ndiyo kuni ya mitambo ya nyuklia. Chembe zake zikipasuliwa hutoa joto, joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine za umeme. Kule Koeberg, karibu na Cape Town, kazi hiyo hufanyika tangu mwaka 1984. Wausifuo moto huu wasema kweli: hauna moshi, wala haungojei mvua. Nasi watu wa Ugogo twaijua mvua isivyo na ahadi. Hata bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mashine 9 na nguvu ya megawati 2,115, lategemea mawingu.

Lakini majivu ya moto huu ni mengine. Plutoni iliyomo ndani yake hupungua nusu tu kwa miaka ipatayo 24,000. Ni mlinzi gani atakayekesha muda huo?

Walakini tusijihesabie haki upesi. Sisi nasi twakata miti na kuchoma mkaa, tukiwaachia wajukuu makorongo. Ila korongo laonekana, na mjukuu aweza kupanda mti. Sumu ile haionekani, wala hakuna jembe la kuiponya.

Basi tuseme nini? Kutaka nuru si kosa. Mama ajifunguaye gizani aihitaji. Lakini atakaye kuwasha moto huo na aseme kwanza nani atalinda majivu, na kwa mali gani. Na mkulima wa mpunga wa Bahi aulizwe kabla ya shimo kuchimbwa, si baadaye. Wachimbaji wa Shinkolobwe, Kongo, hawakuambiwa kwamba urani yao ilikuwa ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945.

Wazee walisema, dawa ya deni ni kulipa. Asiyezaliwa hawezi kudai. Kwa hiyo imetupasa sisi kudai kwa ajili yake, maadamu tungali hai.