Mjane, Chupa ya Mafuta na Deni la Benki



Padre ameniomba fundisho la ukurasa huu, nami nimechagua habari ya mjane katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mistari saba ya kwanza. Tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Korogwe niliwasomea watoto habari hiyo darasani kama muujiza wa mafuta. Nilistaafu mwaka 2021, na siku hizi naisoma kama habari ya deni. Naomba mnivumilie, maana nitataja mambo ya nyumbani kwangu. Mke wangu ameniruhusu.

Marehemu mume wa mjane yule alikuwa mcha Mungu, mmoja wa jamaa ya manabii. Hatuambiwi kwamba alikuwa mlevi wala mvivu. Alikufa akidaiwa, pato la nyumba likakatika, na mwia akaja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa wake. Basi mtu mwema aweza kuwa na deni, na deni halimwulizi mtu kama bado anapata alichokuwa akipata siku alipokopa.

Sisi wa Handeni tusidhani kuwa watoto kuchukuliwa kwa deni ni mambo ya Israeli tu. Katika karne ya 19 njaa ilipoipiga Uzigua, watu waliwekwa rehani kwa ajili ya chakula. Mtoto alikaa kwa mwenye nafaka mpaka jamaa zake wamkomboe. Wengine walishuka pwani kutafuta riziki, wakapakiwa majahazini, wakauzwa upande wa Somalia, na wengi wakaishia katika bonde la mto Juba. Wajukuu na vitukuu wao waliishika lugha ya Kizigua kwa zaidi ya miaka 100. Baada ya Somalia kuvunjika mwaka 1991, baadhi yao walirudi wakiwa wakimbizi, wakapokewa Mkuyu na baadaye Chogo, katika wilaya hii hii, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Naitaja habari hii kwa sababu tumezoea kulitaja deni kana kwamba ni jambo la karatasi tu.

Sasa nije kwangu. Mshahara ulipokoma, pensheni yangu ikawa shilingi 410,000 kwa mwezi, chini ya nusu ya mshahara wa mwisho. Mke wangu alikuwa akishona, lakini macho yamemdhoofu na cherehani imefunikwa kitambaa. Mwanetu aliyekuwa akituletea chochote kutoka Tanga alipunguzwa kazini. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaingia biashara ya mahindi. Benki ilinipa ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya zilizomo katika hesabu yangu, jambo ambalo wenyewe huliita ovadrafti, mpaka shilingi 3,000,000. Nilinunua magunia wakati wa mavuno nikingoja bei ipande. Nilichelewa kutia dawa, dumuzi akaingia ghalani. Kilichobaki kilikuwa unga wa dumuzi, na kosa lilikuwa langu.

Ovadrafti huhesabiwa riba kwa siku, juu ya kile unachodaiwa siku hiyo. Kwa asilimia 18 kwa mwaka, shilingi 3,000,000 huzaa karibu shilingi 1,500 kila siku ipitayo, hata Jumapili, hata Krismasi. Kwa mwezi ni 45,000. Miaka mingi niliwafundisha watoto kanuni ya riba, mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa 100, lakini hesabu yangu mwenyewe sikuipiga. Niliogopa jibu.

Badala ya kwenda benki nikaseme, nilikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale ambao watu wamewaita kausha damu. Akanipa 400,000, nirudishe 520,000 mwisho wa mwezi. Sikuweza, basi kila mwezi akawa anachukua 120,000 za riba, na zile 400,000 zikabaki pale pale. Dhamana aliyotaka ilikuwa kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Siku ya pensheni alitoa fedha yeye, akakata yake, akanipa iliyobaki mkononi kama mtoto anayetumwa dukani.

Torati katika Kumbukumbu 24:6 inakataza kutwaa jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kutwaa jiwe hilo ni kutwaa uhai wa mtu. Zamani sikuielewa amri hiyo. Nilidhani ni jiwe tu. Jiwe ndilo lilikuwa njia ya nyumba kupata unga wa leo na wa kesho. Kwa mstaafu, kadi ya benki ndiyo jiwe lake la kusagia. Tulipokuwa kazini kanuni ya Serikali ilitulinda, kwamba baada ya makato yote mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara wake. Ukimpa mtu kadi na namba ya siri, hakuna theluthi. Tena tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji hutakiwa awe na leseni. Mimi sikumwuliza yangu iko wapi. Mwenye shida haulizi.

Kwa miezi 11 mke wangu hakujua. Akitaka kadi ili mjukuu aende kwa wakala, nilisema imeharibika. Akiuliza mbona hela ni ndogo, nilisema makato. Ndugu zangu, uongo wa nyumbani una riba yake nao, na yenyewe pia huhesabiwa kwa siku.

Kisha ikaja Jumapili ya Mavuno. Mimi ni mmoja wa wanaohesabu sadaka. Siku ile fedha ililala kwangu, imefungwa katika bahasha, ili niipeleke benki Jumatatu. Ilizidi kile alichonidai yule mkopeshaji. Usiku nilikaa kitandani nikijiambia kwamba nitaikopa siku kumi tu, kwamba hakuna atakayejua, kwamba nimelitumikia Kanisa hili miaka mingi. Naliandika hili waziwazi kwa sababu najua siko peke yangu. Wako watunza hazina wa vikundi, wa vyama, wa kamati za shule, ambao wamekaa usiku na bahasha kama ile. Nilimwamsha mke wangu, nikamkabidhi bahasha, nikamwambia yote mpaka alfajiri.

Hakupiga kelele. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe ulikuwa unakula ugali pamoja na mimi na huyo mtu." Asubuhi tulikwenda kwa Padre wote wawili, tukampa bahasha aipeleke mwenyewe.

Nirudi kwa mjane. Jambo la kwanza alilofanya ni kumlilia Elisha waziwazi: deni ni hili, mwia ni huyu, watoto ni hawa. Nabii naye hakumwambia kwamba deni limefutwa. Alimwuliza ana kitu gani nyumbani, na mjane akasema hana kitu, ila chupa ya mafuta. Siku hizi wapo wanaouza chupa za mafuta ya upako na kuwaahidi watu kwamba madeni yatayeyuka. Someni vizuri. Elisha hakumwuzia mjane mafuta. Mafuta yalikuwa ya mjane, aliyeyauza ni mjane, na mwia alilipwa. Baada ya hapo ndipo yeye na wanawe waliambiwa waishi kwa kilichosalia. Mungu alifanya muujiza, naye akaacha deni lilipwe.

Tena angalieni ule mlango. Vyombo aliviazima kwa majirani wote, lakini wakati wa kumimina alifunga mlango, yeye na wanawe. Nimejifunza kwamba haifai kuficha kila kitu, wala haifai kutangaza kila kitu sokoni. Mwenzako wa ndoa lazima ajue. Aliyekukopesha lazima ajue, na ajue mapema. Majirani wanaweza kutoa vyombo bila kuambiwa hesabu.

Nasi tulijiuliza tuna nini nyumbani. Tulikuwa na mtamba mmoja, ambaye mke wangu alimnunua kwa fedha ya cherehani. Nilitaka tuuze kitu changu kwanza, lakini changu hakikuwa na bei. Alimtoa yeye mwenyewe. Mnadani tulipata 560,000. Fedha hiyo tukampelekea mkopeshaji 520,000 mbele ya shahidi, tukachukua kadi, na siku ile ile nikabadilisha namba ya siri. Jirani mmoja alisema ingefaa kupunguza deni la benki kwanza kwa kuwa ndilo kubwa. Mimi nasema hapana. Benki ilinitoza shilingi moja na nusu kwa kila 100 kwa mwezi; yule alinitoza 30. Huanzi na deni kubwa, unaanza na lile linalouma zaidi.

Baadaye nikapanda basi kutoka Handeni hadi Korogwe kuonana na watu wa benki. Nilikuwa nimeahirisha safari ile mwaka mzima, nikiwaza maneno watakayonitolea. Nilipewa kiti. Nikawaonyesha karatasi ya pensheni na matumizi ya nyumba kama tulivyoyaandika. Wakakubali kuifunga ovadrafti na kuigeuza kuwa mkopo wa miezi 36, shilingi 108,500 kila mwezi, riba ikihesabiwa kwa deni linalobaki. Zamani nilikuwa nikitoa 165,000 kila mwezi kwa wote wawili, na deni halikupungua hata senti. Sasa natoa pungufu ya hizo, na linashuka. Sisemi kila benki itakubali, wala kwa kila mtu. Lakini asiyekwenda hawezi kukubaliwa.

Zinazobaki ni 301,500. Nyama tumeiweka siku za sikukuu. Mchango wa harusi tunatoa kile kilichoandikwa daftarini, na aibu yake tumeizoea; aibu ya bahasha ilikuwa kubwa kuliko hii. Sadaka tunatoa, kidogo. Mke wangu ndiye anayeandika daftari, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, na mimi namsomea jumla.

Mpaka naandika haya tumelipa miezi 14, imebaki 22. Kadi anaitunza yeye, ndani ya Kitabu chake cha Sala. Namba ya siri naijua mimi peke yangu, kwa hiyo siku ya pensheni hatuna budi kwenda pamoja.