Amana Isiyorudishika: Seli na Majalada ya Wagonjwa

Swali la kwamba seli zilizotolewa mwilini mwa mgonjwa na kukuzwa maabara ni za nani hujibiwa upesi mno kwa lugha ya mali, ilhali historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kuwa lugha hiyo haitoshi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani iliyovimbisha taya za watoto, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo umeonekana. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe wa aina hiyo. Baadaye saratani hiyohiyo nchini Kenya ilitoa ukoo wa seli, yaani seli za chanzo kimoja zinazojigawa bila kikomo, uitwao Namalwa, ambao ulitumika viwandani kuzalisha intaferoni, protini ya kinga inayotumika kama dawa.

Lugha nyingine hutolewa na dini: Waislamu husema mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na Wakristo, wakimfuata Mtume Paulo, husema ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kwa hiyo kwa pande zote mbili mgonjwa mwenyewe si mmiliki kamili wa mwili wake. Wengi hudhani mafundisho haya yanamnyima mgonjwa haki, lakini kwa hakika yanambana zaidi mtafiti, kwa kuwa asiyemiliki hawezi kuuza, na aliyepokea kwa asiyeuza hawezi kudai kuwa amenunua. Ridhaa, hasa ile inayotolewa na mzazi aliyeshikwa na hofu ya kumpoteza mwanawe, ni kukabidhi tu. Ugumu uliobaki ni kwamba amana hurudishwa, na seli zinazoendelea kujigawa baada ya mwenyewe kuzikwa hazirudishiki. Kinachoweza kurudi ni habari ya yaliyogunduliwa na sehemu ya manufaa yake.

Kuhusu taarifa za hospitali, hoja ya kawaida ni kwamba jina likifutwa deni limekwisha. Hoja hiyo ni dhaifu hata mjini, na katika kata ya vijijini kama Issuna, wilayani Ikungi mkoani Singida, karibu haina maana, kwa sababu umri wa mtoto, kijiji chake na ugonjwa usio wa kawaida vikiandikwa pamoja, majirani hawahitaji jina. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hilo ni jambo jema, ingawa sheria humlinda mtu asifichuliwe bila kumhakikishia kwamba atapata habari za kile alichokitoa.

Kwa hiyo kamati za maadili zinazopitia maombi ya utafiti zidai, kabla sampuli au jalada lolote halijaondoka mkoani, maelezo ya namna matokeo yatakavyofikishwa kwenye zahanati vilikotoka, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ombi lisilo na maelezo hayo likataliwe.