Chungu, chupa na meza: tunakunywa na nani?

Wazee walisema: mwacha mila ni mtumwa. Neno hilo tunalisema sana katika mikutano yetu, na mara nyingi tunalisema tukiwa na chupa mkononi. Kwenye mahari, Primus. Kwenye matanga, Primus. Kumaliza kesi ya mpaka wa shamba, Primus. Mtu akiuliza sababu, tunamjibu: ni mila, babu zetu nao walikunywa. Katika kurasa hizi tunataka kuuliza kama jibu hilo ni la kweli. Je, kunywa kwetu kwa leo ni mila ile ile, ao ni kitu kingine kilichovaa nguo za mila?

Hatuulizi ili tuhukumu. Kati yetu wako wanaokunywa na wako wasiokunywa. Tunauliza juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Kilibula.

1. Jambo lililotupata

Miaka michache iliyopita tulialikwa kwenye sherehe ya mahari katika jamaa moja ya mtaa wetu. Sisi walimu tuliwekwa karibu na wazee, mahali pa heshima. Ndugu mdogo wa bibi-arusi alikuwa mwanafunzi wetu, darasa la sita la sekondari, na siku ile yeye ndiye aliyegawa bia. Alipomaliza kugawa alibaki amesimama kando ya meza yetu na kasiye tupu mkononi. Mmoja wetu akamwambia: «Kijana, umetumika muzuri. Kamata yako moja, enda kule na benzako.» Tukacheka. Akakamata chupa, akaenda nyuma ya nyumba.

Mwaka ule ule, mbele ya Mtihani wa Serikali, kijana alianza kuja darasani asubuhi na harufu ya pombe. Mara ya kwanza tulimfukuza. Mara ya pili tulimwita mama yake. Mama alisema hajui kitu: mutoto hanywi nyumbani, hanywi kwenye nganda, hakuna aliyemwona. Kumbe alikuwa ananunua vichupa vidogo vya pombe kali na kunywa usiku, peke yake, kando ya ziwa. Mtihani alianguka. Tulipomuuliza nani aliyemfundisha kunywa, alitutazama tu, kisha akasema: «Ni nyinyi, mwalimu.»

Jibu lile tulilikataa pale pale. Tulisema tulimpa chupa moja tu, tena siku ya sherehe, ni mila. Lakini tulipofika nyumbani neno lilibaki linatusumbua. Njo sababu tunaandika.

2. Chungu hakikukubali mtu mmoja

Tuanze na pombe ya kwetu. Kasiksi inatengenezwa na ndizi. Zinaivishwa shimoni siku kadhaa, zinakamuliwa pamoja na majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yanaachwa siku mbili ao tatu. Ng'ambo ya Ruzizi Warundi wanaiita urwarwa, na ile ya mtama wanaiita impeke. Mwenye kuifanya anajua jambo moja: pombe hii haingoji. Ikishaiva, ni siku chache tu, kisha inachacha na inamwagwa.

Hapo ndipo penye siri. Pombe isiyongoja inamlazimisha mwenyewe kuita watu. Hakuna aliyeweza kujaza chungu na kukificha chini ya kitanda kwa mwezi mzima. Ilibidi majirani wajue, na kweli walijua, kwa harufu. Walikuja, wakakaa kwa kuzunguka chungu, kila mzee na mrija wake. Mwenye nyumba alionja wa kwanza, ili wageni waone kwamba hakuna sumu. Mtu akivuta mrija kwa muda mrefu kupita wenzake, wote walimwona, na mmoja alimwambia kwa mchezo: «Ee baba, achia na wengine.» Neno lile lilitosha.

Tusiwasifu wazee kupita kiasi. Walevi walikuwako zamani pia, na ugomvi ulikuwako. Wamama ndio waliotengeneza pombe, lakini mara nyingi heshima ya kukaa mbele ilikuwa ya wanaume. Hata hivyo jambo moja ni hakika: ulevi wa zamani ulionekana. Chungu chenyewe kilikuwa mlinzi, hata kama hakuna mzee aliyetunga sheria.

3. Chupa ilitoka wapi

Sasa tuitazame chupa. Wengi wetu tunadhani bia ni kitu cha Wabelgiji. Ni kweli kwa upande wa viwanda. Kampuni iliyokuja kuitwa Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na Brarudi ilianzishwa Usumbura mwaka 1955. Lakini ufundi wa bia hii ya manjano, inayonywewa baridi, una mizizi kwa Wajerumani, wale ambao wazee wa ng'ambo waliwaita Wadachi. Bujumbura, ambayo taa zake tunaziona usiku kutoka hapa kwetu, ilikuwa kambi yao mpaka mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia.

Katika nchi ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, bia ilipewa sheria mapema. Tarehe 23 Aprili 1516, katika mji wa Ingolstadt, watawala Wilhelm IV na Ludwig X waliamuru kwamba bia itengenezwe na shayiri, maua ya hopu na maji, basi. Hamira haikutajwa. Sheria hiyo hiyo ilipanga na bei. Kisha, katika karne ile ile ya 16, walikatazwa kupika bia wakati wa joto, kwa sababu joto liliiharibu. Wakapika wakati wa baridi na kuiweka katika mashimo baridi chini ya ardhi mpaka kiangazi. Neno «lager» katika lugha yao linahusu kuweka kitu ghalani. Mwaka 1842 fundi mmoja wa Bavaria, Josef Groll, alipika katika mji wa Plzeň, ambao leo uko katika nchi ya Cheki, bia nyeupe ya dhahabu iliyopendwa pande zote. Miaka ya 1870 Carl von Linde alitengeneza mashine ya kufanya baridi, na wapikaji wa bia walikuwa kati ya wateja wake wa kwanza. Toka hapo bia ya namna ile iliweza kupikwa hata kwenye nchi za joto kama yetu. Primus ni mtoto wa ukoo ule.

Tumeeleza haya kwa urefu juu ya neno moja: ghala. Kasiksi haingoji, lager inangoja. Inangoja miezi. Na kinywaji kinachongoja hakihitaji jirani. Kila mtu na chupa yake ya sentilita 72, na kizibo chake, na wakati wake. Hakuna mrija wa mwenzako ndani. Kwa hiyo chupa ilileta kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho kwa shida sana: uwezo wa kunywa pasipo kuonekana.

4. Wajerumani walifanya nini na bia inayongoja

Hapa wengi wetu tunasimama na kusema: tazama, chupa ya mzungu ndiyo iliyoua mila yetu. Sisi tulisema hivyo muda mrefu. Lakini kama chupa inaua, ingekuwa imeua kwanza kule ilikozaliwa. Sasa tuone.

Juu ya yale maghala ya Bavaria walipanda miti ya kivuli ili ardhi ibaki baridi, na watu wakaanza kuja kunywa pale pale chini ya miti. Wenye mahoteli walinung'unika. Mwaka 1812 mfalme Maximilian I Joseph akakata shauri: wapika bia wauze bia yao mahali pale, lakini chakula wasiuze isipokuwa mkate. Basi watu wakaja na chakula chao kutoka nyumbani, mke, mume na watoto, wakakaa kwenye meza ndefu pamoja na watu wasiowajua. Desturi hiyo ya kubeba chakula chako ingali hai katika bustani za bia za Bavaria. Tena katika mabaa yao iko meza inayoitwa Stammtisch, meza ya watu wale wale wanaokutana siku ile ile. Mgeni hakai hapo mpaka aalikwe. Mmoja wao asipokuja, wanauliza: yuko wapi?

Shemeki yetu mmoja aliyeishi mji wa Köln alitusimulia mambo ya kule. Bia yao inaitwa Kölsch, inaletwa katika glasi ndogo ya sentilita 20. Ukimaliza, mwenye kugawa analeta nyingine hata kama hujaomba, na kila mara anachora mstari kwenye kikaratasi kigumu kilicho chini ya glasi yako. Ukitaka kuacha, unafunika glasi kwa kikaratasi kile, na hakuna anayekuuliza sababu. Shemeki alisema: «Mimi nilizani banahesabu feza tu. Kumbe mistari ile kila mutu wa meza anaiona. Ukifika kumi, wewe mwenyewe unaona haya.» Akaongeza kwamba wakigonganisha glasi ni lazima mtu amtazame mwenzake machoni. Asiyetazama amekosa adabu.

Ukiyaweka pamoja mambo haya, unaona kitu cha ajabu. Mistari ya kikaratasi ni macho ya wenye mirija. Meza ya Stammtisch ni duara la chungu. Waliokuwa na bia inayongoja walilazimika kujenga kwa mikono yao kile ambacho kasiksi ilitupa sisi bure. Sisi tulipokea chupa yao bila meza yao, na chungu chetu tulikiacha pamoja na duara lake. Hasara yetu ni mara mbili.

5. Wenye kupinga

Wako watakaotupinga, na wana haki.

Wa kwanza atasema: Wajerumani nao wana walevi, na meza yao si takatifu. Ni kweli. Tarehe 8 Novemba 1923, katika ukumbi wa bia wa Bürgerbräukeller mjini München, Hitler alijaribu kupindua serikali, na wengi walimshangilia. Meza inaweza kukusanya watu kwa mabaya kama kwa mema. Tunachosema ni kidogo zaidi: meza inamfanya mtu aonekane. Anayeonekana anaweza kuonywa. Asiyeonekana, nani atamwonya?

Wa pili ni ndugu zetu wa makanisa mengi ya hapa Uvira, na Waislamu, wasiokunywa hata tone. Wao wanasema dawa ni kuacha kabisa. Nao wana ushahidi: Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema wazi kwamba hakuna kipimo cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Wajerumani wenyewe wanapunguza. Karibu na mwaka 1980 kila mtu wa Ujerumani ya Magharibi alihesabiwa zaidi ya lita 140 za bia kwa mwaka, na leo ni chini ya 100. Hatuwezi kubishana na hayo. Lakini hata asiyekunywa anahitaji meza. Tumeona kwenye mahari zetu mtu wa Fanta akisukumwa pembeni kama mgonjwa. Kama duara ni la pombe tu, basi si la watu.

Wa tatu atasema: kijana yule alikuwa na matatizo yake, chupa moja haimfanyi mtu mlevi. Labda. Hilo tumejiambia mara nyingi, na kila mara tunakumbuka kwamba alibaki amesimama.

6. Tufanye nini

Wajerumani wanatenga bia na pombe kali katika sheria: bia kuanzia miaka 16, pombe kali 18. Hatusemi tuige miaka ile. Kijana wa shule kwetu hana haja ya bia. Ana haja ya kiti. Siku ile tulimpa kile asichostahili, tukamnyima kile alichostahili. Angekaa na sisi na Fanta yake, angesikia wazee wanavyokata maneno ya mahari, angeona nani anajua kuacha na nani hajui. Hayo ndiyo masomo ya chungu. Tulimtuma akasome nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache kwa jamaa zetu. Kwenye mahari na matanga, bia ifunguliwe mezani mbele ya watu, isigawiwe kwa kubeba. Mwenye nyumba aonje wa kwanza, kama zamani. Mtu akifunika kopo lake, asiulizwe tena. Wamama waliopika wakae mbele. Na vijana wawe na nafasi kati ya wazee, na kinywaji kisicho na pombe, mpaka wakue.

Swali tuliloanza nalo, sasa tunaweza kulijibu. Mila yetu haikuwa pombe, ilikuwa duara. Anayenywa peke yake hafuati babu yeyote, hata akinywa kasiksi safi ya Kilibula. Na wazee wanaomtuma kijana mbali na chupa mkononi wameiacha mila, hata wakiisifu mchana kutwa.

Kijana yule alirudia mwaka. Siku hizi tunakutana naye njiani, anatusalimia kwa heshima, nasi tunamjibu na kupita haraka. Bado hatujamwambia kwamba alisema kweli. Tunaandika hapa, lakini tunajua kwamba maandiko hayatoshi. Itabidi tumwalike, tumvutie kiti, tumwambie akiwa amekaa.