Uria Mwishoni mwa Orodha

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Samweli 11:6–25, 2 Samweli 23:8–39, Mathayo 1:6, Mhubiri 9:5, 6, Yohana 5:28, 29, Yakobo 1:27.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto Kagera. Vita iliyofuata iliwaita askari na mgambo kutoka pande zote za nchi. Aprili 1979 Kampala ilianguka. Wengi walirudi nyumbani. Wengine walilazwa Kaboya, wilayani Muleba.

Tuseme mmoja wa waliolazwa huko alitoka Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Kutoka Liuli hadi Kaboya ni zaidi ya kilomita 1,000. Wazazi wake walikufa bila kuliona kaburi lake. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka wote kwa pamoja. Lakini dada yake, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, anataka kaka yake atajwe kwa jina katika kanisa alikobatizwa. Jirani amemtia hofu kwamba roho ya ndugu aliyezikwa ugenini haitulii. Anamwendea mzee wa kanisa. Mzee amjibu nini?

Ziko njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kumsifu kupita kiasi, kana kwamba kuifia nchi kunatosha kumwokoa mtu. Ya pili ni kunyamaza, kwa sababu alishika bunduki na amri ya sita inajulikana. Waadventista hupenda kumsimulia Desmond Doss, mhudumu wa tiba katika jeshi la Marekani, aliyekataa kubeba silaha na ambaye mwaka 1945 huko Okinawa aliwaokoa majeruhi wapatao 75. Ni ushuhuda mzuri, na vijana wafundishwe. Lakini ukifanywa kipimo cha kuamua ni marehemu gani atajwe kanisani, unageuka kuwa jiwe mkononi.

Biblia inaonyesha njia ya tatu. Uria Mhiti alikuwa askari mwaminifu. Alikataa kwenda kulala nyumbani wakati wenzake wanalala uwandani. Mfalme akampa barua aipeleke kwa Yoabu, na ndani yake mlikuwa na agizo la kifo chake mwenyewe. Habari zilipofika kwamba ameuawa, Daudi alimtuma mjumbe amtulize Yoabu: asihuzunike, kwani vitani upanga humla yeyote. Maneno hayo yana ukweli kuhusu vita. Hapa yalitumika kumfuta mtu mmoja.

Lakini Mungu hakukubali afutwe. Katika 2 Samweli 23 wameorodheshwa mashujaa wa Daudi, na jina la mwisho kabla ya jumla ya watu 37 ni la Uria Mhiti. Karne nyingi baadaye Mathayo anaandika ukoo wa Yesu, na anapofika kwa mama yake Sulemani anamtaja kwa jina la mumewe aliyeuawa. Maandiko hayamfanyi Uria kuwa mtakatifu asiye na doa, wala hayamhukumu kwa kazi yake ya vita. Yanamtaja kwa jina, na yanasema ukweli wote, hata ule unaomwaibisha mfalme.

Hivyo ndivyo mzee anavyoweza kumjibu yule bibi. Jina la kaka yake litatajwa. Lisemwe lililo kweli: alizaliwa hapa, alibatizwa hapa, aliitwa vitani, hakurudi. Yaliyokuwa moyoni mwake siku ile ya mwisho anayajua Mungu peke yake, na hukumu ni yake. Tena, bibi asiogope. Wafu hawajui neno lolote. Kaka yake hatangitangi akitafuta njia ya kurudi Ruvuma. Amelala, na Kaboya si mbali kwa sauti itakayowaita wote waliomo makaburini.

Kwa hiyo kumbukumbu haimwongezei marehemu kitu. Inawasaidia walio hai: inamfuta bibi machozi, inawafundisha wajukuu kwamba vita ina gharama yenye jina, na inalikumbusha kanisa kwamba askari anapokufa huacha watu nyuma yake. Kumtaja Sabato moja na kumsahau dada yake miezi kumi na miwili ni kuifanya kazi nusu.

Maswali ya Mjadala

1. Kwa nini ni vigumu kusema ukweli wote kuhusu marehemu? Linganisha tunavyosema msibani na 2 Samweli 11.

2. Kanisa linawezaje kufundisha amri ya sita bila kuwajeruhi wazazi, wajane na watoto wa askari?

3. Je, katika kanisa lenu yupo ambaye ndugu yake alifia vitani na hajawahi kuulizwa habari zake? Ni nani atakayemtembelea juma hili?