Katika Chombo Kimoja

Masomo: Zaburi 107:23–32, Marko 4:35–41, Waefeso 5:25–33



Mto wetu Simiyu wakati wa kiangazi huwa mchanga mtupu. Mvua zikija hujaa, ukashuka magharibi hadi Ziwa Viktoria, upande wa Magu. Wala maji hayaishii hapo. Hutoka ziwani kule Jinja, nchi ya Uganda, yakaitwa Nile. Hupita Ziwa Kyoga, yakaporomoka Murchison, yakaingia Ziwa Albert, kisha yakaendelea kupita Sudani na Misri mpaka Bahari ya Mediterania.

Katika njia hiyo ya maji walisafiri mtu na mkewe, Samweli Baker na Florence, kati ya mwaka 1861 na 1865. Napenda tuwatazame, kwa maana safari yao ina neno kwa kila nyumba ya usharika huu.

Baker alikuwa Mwingereza. Florence alizaliwa Transylvania, nchi ambayo leo ni sehemu ya Rumania. Inasimuliwa kwamba alikuwa yatima, na mwaka 1859 aliwekwa katika mnada wa watumwa mjini Vidin, kando ya mto Danube. Baker alimtoa hapo, na tangu siku hiyo hawakuachana. Walipanda Nile kwa mashua kutoka Khartoum mwezi Desemba 1862, wakafika Gondokoro Februari 1863. Kutoka hapo walikwenda nchi kavu, kwa homa na njaa, mpaka Bunyoro.

Huko Bunyoro, mtu aliyejionyesha kuwa ndiye mfalme Kamurasi, kumbe ni ndugu yake, alimwambia Baker amwachie Florence, naye atampa mke mwingine badala yake. Baker akashika bastola. Florence naye akasimama, akamkemea yule bwana kwa Kiarabu. Mwanamke aliyewahi kuwekwa mnadani hakukubali kupimwa bei mara ya pili.

Ndugu zangu wanaume, hapa tusimame kidogo. Sisi wa Bariadi twajua mnada. Twajua ng'ombe hupigwa jicho, hutajwa bei, akapelekwa asikojua. Mahari tunayotoa ni heshima kwa wazazi na ushahidi wa agano. Siyo bei ya mtu. Hata hivyo bado husikika nyumbani mwa Wakristo maneno haya: "Nimekuoa kwa ng'ombe wangu." Mama amelima pamba tangu kupanda hadi kuchuma, na siku ya malipo haulizwi neno. Fedha zinaishia kilabuni, au kwa mwanamke mwingine. Mtume Paulo hakuwaagiza waume wahesabu walichotoa. Aliwaonyesha Kristo, ambaye kwa ajili ya Kanisa alijitoa mwenyewe. Kama wataka kutaja bei, basi itaje hiyo.

Baada ya hayo, wakivuka mto Kafu juu ya majani yaliyosokotana, Florence alianguka kwa ukali wa jua. Alibebwa siku kadhaa hajitambui. Baker alitembea kando ya kitanda chake mchana na kukesha usiku, hata watu wakaandaa chombo cha kuchimbia kaburi. Asubuhi moja akafumbua macho. Tarehe 14 Machi 1864 walifika pamoja kwenye lile ziwa, ambalo wenyeji walilijua tangu zamani kwa jina la Mwitanzige, na Baker akaliita Albert.

Ndoa hujulikana penye kitanda cha mgonjwa. Wako mama waliorudishwa kwao kwa sababu ya kuugua, au kwa kukosa mtoto. Na wako wazee wasiotazamwa na wake zao tangu nguvu zilipowaishia. Ahadi tuliyoitoa mbele ya madhabahu ilitaja ugonjwa pamoja na afya. Mungu hakusahau sehemu hiyo, hata kama sisi tumeisahau.

Ziwani walipewa mitumbwi miwili ya magogo. Wapiga makasia wakatoroka usiku. Baker akageuza kasia kuwa usukani, na shuka lake la sufu akalifanya tanga. Dhoruba iliinuka karibu kila siku baada ya adhuhuri, na mara moja ilibaki kidogo wazame. Siku 13 walikwenda hivyo, mpaka Magungo, mahali Nile inapoingia ziwani.

Na sisi makasia yetu hukimbia. Mvua hukatika, bei ya pamba huanguka, ndugu walioahidi msaada hawaonekani. Hapo mume na mke huanza kulaumiana, kana kwamba adui ni yule aliye ndani ya chombo. Wanafunzi nao walimlaumu Bwana kwamba hajali. Lakini Bwana alikuwamo katika chombo kile kile, maji yakimpiga kama wao. Tuangalie sana neno hili: hakuwaondolea safari. Alikemea upepo, kisha akawauliza juu ya imani yao, nao wakafika ng'ambo.

Siwaleti hawa wawili kama watakatifu. Walifunga ndoa kanisani London mwezi Novemba 1865, baada ya kurudi; na walioko kwetu ambao wamekaa miaka mingi bila kubarikiwa, mlango wa kanisa u wazi, waje. Malkia Viktoria alikataa kumpokea Florence. Waliporudi Nile, kati ya 1869 na 1873, kazi yao ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, jambo jema. Lakini mwaka 1872 huko Masindi damu ya Wanyoro ilimwagika katika vita. Mwenye dhambi anaweza kutufundisha uaminifu katika jambo moja, huku akihitaji rehema katika mengine. Ndivyo tulivyo sote.

Basi wiki hii, kila mume na mke wakae pamoja jioni moja, wajibu maswali mawili. Je, fedha ya nyumba hii yajulikana na wote wawili? Na je, mmoja wetu akianguka njiani, mwingine atangoja? Anayeona jibu ni zito, asiogope kuja kwa mchungaji au kwa wazee wa kanisa.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyelala katika chombo pamoja na waoga, ingia nyumbani mwetu. Utuondolee roho ya mnada. Wape wagonjwa wenzi wasiochoka, waliochoka uwape nguvu, walioachwa uwe rafiki yao. Utuvushe sote mpaka ng'ambo. Amina.